Wingu la Upande wa Kongo

Leo jua limetoka, jambo la nadra huku ugenini, na majirani wamejilaza kwenye nyasi utadhani wameanikwa. Mimi nimeanika mashuka, kisha nikafungua dagaa niliotumiwa kutoka nyumbani Kigoma. Harufu tu, nikawa tena mtoto ufukweni Bangwe, mchanga ukiniunguza nyayo.

Kazi yangu ilikuwa kugeuza dagaa wa bibi walioanikwa mchangani na kutazama ziwa upande wa Kongo. Wingu likitokea huko, tunaanua. Kazi gani hiyo ya kumpa mtoto, wenzake wanaogelea? Siku moja nikaingia majini, kidogo tu. Mvua ikanikuta humo humo.

Bibi hakunipiga. Alichota dagaa waliovimba maji, akanishikisha.

"Wingu zima limevuka ziwa, wewe hukuliona?"

Tuliwala hao hao, wachungu, wiki nzima.

Sasa jirani ananiita nikajilaze naye kabla jua halijaisha. Nimejaribu. Nimelala chali dakika mbili, nikaona kijiwingu upande wa magharibi, nikainuka mbio kuanua mashuka. Mtu mzima mimi, jamani. Nimeyakumbatia hapa mlangoni, na bado yanachuruzika maji ya kufulia.