Ngitili Niliyoilima

Siku ya semina kwenye ofisi ya kata walinikalisha mbele kwa sababu ya mvi zangu. Mtaalamu alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza, mpole, anayeongea Kiswahili cha mjini. Alituuliza kama tunadhani binadamu anaweza kujiandaa kwa mabadiliko ya tabianchi na majanga mengine yanayokuja. Watu walijibu vizuri. Mmoja alisema tupande miti, mwingine akasema tuchimbe malambo, na mama mmoja akataka mbegu za muda mfupi ziletwe mapema, zisije wakati mahindi ya wengine yameshabeba. Tulicheka. Binti akaandika yote.

Kisha akasema, "Nasikia ninyi Wasukuma mlikuwa na kitu kinaitwa ngitili. Nani atatueleza?"

Vidole vyote vikanielekea mimi, kwa sababu ngitili ya baba yangu ilijulikana kata yetu nzima ya Ngulyati. Nikasimama, nikasema koo linanisumbua, nikakaa. Koo langu halikuwa na kitu. Nilisoma hadi darasa la saba na kuandika si kazi yangu, lakini jibu nililolimeza siku ile naona afadhali niliweke hapa.

Ngitili ni nyasi zilizowekwa. Mvua zikianza, mwenye boma anachagua kipande cha ardhi yake na kukifunga. Hakiwekewi uzio. Anawaambia majirani kwamba hapa nimefunga, na kuanzia siku hiyo haingii ng'ombe yeyote, hata wa mwenyewe. Nyasi zinakua, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama. Malisho ya wazi yakishakwisha, kwenye Agosti au Septemba, ndipo inafunguliwa kidogo kidogo, na wanaotangulia ni ndama na ng'ombe wa maziwa. Mtu akilisha ngitili ya mwenzake aliitwa mbele ya kijiji akatozwa faini, na aibu yake ilidumu kuliko faini yenyewe.

Baba alipofariki aliacha ng'ombe saba, ngitili hiyo, na mama yetu. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo nilibaki bomani naye. Dada yangu alikuwa ameolewa Binza, pale Maswa mjini, ana duka dogo la chumvi na sabuni. Mama, ambaye sote tulimwita Mayu, alikuwa na tumbo bovu. Ugali ulimkata kama wembe. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa uji na maziwa mgando, na maziwa hayo yalitoka kwa ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa akimkamua mwenyewe. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja, na alilisema mara nyingi mpaka mke wangu akawa anamalizia sentensi yake: afie pale pale bomani, karibu na kaburi la baba, siyo kwenye nyumba ambayo anaomba maji ya kunywa. Ng'ombe mwekundu ndiye aliyemweka bomani, na ngitili ndiyo iliyomweka ng'ombe.

Wakati ule pamba ilikuwa inanunuliwa na chama cha ushirika peke yake. Ulipeleka, ukapewa karatasi, ukasubiri. Kisha likaja soko huria. Msimu mmoja tukaona malori mageni yameingia na mizani zao, wanunuzi wanagombania wakulima kama makonda wanavyogombania abiria, na mtu analipwa palepale. Sijawahi kuona watu wakilima vile. Kila mtu aliongeza shamba. Waliokosa pa kuongeza waliangalia ngitili zao.

Nilimwambia Mayu, "Nyasi haziuzwi, Mayu. Ardhi yote ile imelala."

"Haijalala. Inangoja."

"Inangoja nini? Miaka mitatu hii mvua ni nzuri."

"Ndiyo maana," alisema, akaendelea kupembua mtama wake.

Sikumwelewa, au sikutaka. Mwishoni mwa Oktoba dada yake alifariki Lalago na Mayu akaenda msibani. Alikaa huko wiki mbili. Siku ya tatu niliichoma moto ngitili, na mvua za kwanza zilipolowesha udongo nikafunga plau. Ningeweza kusema nilitaka kumshangaza kwa furaha. Ukweli ni kwamba nilichagua wakati ambao hayupo kwa sababu akiwepo nisingethubutu.

Aliporudi alipita pale kwanza, kabla hajafika nyumbani. Nilimwona kwa mbali amesimama kwenye matuta na mzigo wake bado kichwani. Nikajitayarisha kwa maneno makali. Alipofika uani nilimwamkia, "Mwangaluka, Mayu," naye akaitikia, "Mwangaluka, ng'wanawane," yaani mwanangu, kama siku zote. Akaniuliza kama ng'ombe wake amekunywa maji. Hakulitaja jambo lile tena, na mimi kwa ujinga wangu nikahesabu ukimya wake kuwa ruhusa.

Pamba ya mwaka ule ilikubali. Nikaezeka nyumba ya Mayu kwa bati, nikanunua baiskeli na redio. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye ngitili yake inapakana na yetu na ambaye kwa desturi yetu ni mtani wangu, alikuja kuiangalia ile nyumba.

"Sasa mvua ikinyesha Mayu atakuwa kiziwi," alisema.

"Wewe kalale na nyasi zako."

"Nitalala nazo. Mke wangu ameshazizoea."

Tukacheka sana. Yeye hakulima ngitili yake. Nilimwona mshamba.

Mwaka uliofuata mvua za vuli zilipita kama mgeni aliyekosea nyumba. Zikarudi kidogo Machi, zikakatika. Pamba ilitoka fupi, yenye vitumba viwili vitatu, nyingi ikawa fifi, ile pamba chafu ya bei ya chini. Mahindi hayakubeba. Hilo tulilizoea, maana njaa tumeijua tangu utoto na mihogo ilikuwepo. Lakini kufika Julai malisho ya wazi yalikuwa yamebaki vumbi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata mimi, nilipokuwa nalima, kichwani mwangu nilikuwa bado nahesabu kwamba kuna mahali ng'ombe watakwenda Septemba. Nilikuwa nimekula akiba na kuendelea kuitegemea.

Hakuna aliyekuwa na malisho ya kumgawia mwenzake. Mashudu ya kwenye kiwanda cha pamba, yale makapi ya mbegu wanayolishwa ng'ombe, yalikwenda kwa wenye magari. Nilikata majani ya miti, nikachimba mizizi ya nyasi. Ng'ombe watatu walikufa katika mwezi mmoja. Waliobaki walifika hali ya kuinuliwa: asubuhi unakuta ng'ombe amelala hawezi kusimama, mnaita majirani, wawili wanashika mkia, wengine wanapitisha mti chini ya tumbo, mnamnyanyua, anasimama akitetemeka mpaka kesho mmnyanyue tena. Binamu alikuwa anakuja kila siku kunisaidia. Asubuhi moja, ameshika mkia, jasho linamtoka, akasema, "Mpe pamba ale. Zimebaki nyuzi nyuzi kule, labda atajishona."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Mayu alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu chake cha maziwa, hakucheka.

Siku ile ile jioni binamu alinivuta pembeni. Utani uliisha. "Ngitili yangu haiwatoshi hata wangu," alisema. "Lakini lete wawili. Siwezi kumwona Mayu hana maziwa." Aliposema wawili alikuwa amekusudia mwekundu na mtamba wake. Nilimwelewa, naye alijua kwamba nimemwelewa.

Nilipeleka maksai.

Nilikuwa nao wawili, wa plau, wamezoeana shingo. Nilijiambia hivi: maziwa yanaweza kupatikana kwa jirani, lakini bila maksai msimu ujao hatulimi, na bila kulima sote tunakufa, pamoja na Mayu. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili. Nimeyapima kwa miaka mingi na bado yana sura ya akili. Binamu alipowaona wakiingia kwenye nyasi zake alinitazama. Kwa kuwa neno lake alishalitoa, hakulirudisha.

Mwekundu alikauka maziwa wiki iliyofuata. Mayu aliendelea kwenda kwake kila asubuhi na kibuyu, anakaa, anamshika chuchu, anaongea naye, anarudi na kibuyu kitupu. Mwekundu alikufa siku ya soko. Wiki mbili baadaye Mayu alikuwa hawezi kunyanyuka bila kushikwa, na dada akatuma ujumbe kwamba mjini maziwa yanapatikana, aletwe.

Nilimpandisha kwenye baiskeli mpaka barabarani kungoja gari la Maswa. Alikuwa mwepesi sana. Njiani aliniuliza, "Mvua zikija utaifunga ngitili?"

"Nitaifunga, Mayu."

"Nyasi zikifika magotini utaomba ng'ombe wa maziwa kwa binamu yako, wa kutunza. Hawezi kukunyima. Halafu unifuate."

"Nitakufuata."

Nilikuwa nasema kweli. Hilo naliapia. Siku ile nilikuwa nasema kweli.

Mvua za Novemba zilikuja kubwa. Malori yaliingia mapema kukopesha mbegu na dawa, watu wote wakasema mwaka huu ndio wa kurudisha tulichopoteza. Nilisimama kwenye kile kipande asubuhi moja, nyasi zimeanza kuchomoza kati ya mabua ya pamba ya zamani, changa, kijani cha kuumiza macho. Maksai walikuwa hai, wamenona kwa nyasi za binamu. Nikasema, msimu mmoja tu. Mwakani nitaifunga. Nikafunga plau.

Nilikwenda Binza Krismasi. Mayu alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya duka, ameanza kurudi mwilini kidogo. Swali lake la kwanza halikuwa la watoto. "Umefunga?"

"Nimefunga, Mayu."

"Zimefika wapi?"

"Kwenye kifundo."

Akafurahi. Akaanza kunieleza upande upi una unyevu, nyasi gani hutangulia, wapi baba alikuwa anaanzia kufungua. Mwezi wa pili nilikwenda tena, nikasema nusu ya muundi. Mwezi wa tatu mvua ilikuwa inanyesha mpaka Binza maji yanaingia dukani, nisingeweza kusema hazikui. Nikasema, "Ziko magotini."

Akamwita dada. "Nitolee kanga zangu. Mdogo wako amekuja kunichukua."

Nikamwambia siyo leo, Mayu, bado sijazungumza na binamu habari ya ng'ombe, nitarudi baada ya wiki moja. Akasema haya, wiki moja. Dada alinisindikiza hadi barabarani akiwa na furaha kwa niaba yake. Sikurudi baada ya wiki moja. Nilikuwa napiga dawa pamba. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya saba ndipo nilipoletewa habari.

Waganga walisema ni tumbo lile lile. Hakuna aliyenilaumu wala kunishuku. Tulimleta kwa gari la kukodi, azikwe kando ya baba, na njia ya kuja bomani inapita kwenye kile kipande. Ilikuwa ndiyo pamba imeanza kupasuka. Dada alikuwa amekaa nyuma pamoja na jeneza, nami nimekaa mbele yake. Niliona anainua kichwa, anatazama upande mmoja, anatazama upande wa pili.

"Mdogo wangu, zile nyasi ziko wapi?"

Wenzetu kwenye gari waliacha kuimba. Nilisema, "Hazipo."

"Hazipo tangu lini?"

"Hazikuwahi kuwepo."

Alitazama pamba mpaka ikaisha. Kisha akasema taratibu, kama anayenipa taarifa tu, "Mfuko wake aliufunga siku ile ile ulipoondoka. Kila asubuhi alikuwa ananitaka nimsogezee karibu na mlango."

Wale wa semina wanauliza kama watu wanaweza kujiandaa. Sisi tulijiandaa. Baba alijiandaa, na baba yake kabla yake, bila chaki wala posho, kwa miaka ambayo hata hawakujua itakuwa ya nani. Mimi sikukosa maarifa. Niliyajua kuliko binti yule atakavyoyajua. Sijui kama watu wote ni kama mimi. Naomba Mungu wasiwe. Ila najua kwamba mwaka mbaya haukunifundisha kitu, maana ulipokwisha nilifanya lile lile, kwa mikono ile ile, na mama yangu akiwa hai ananingoja.

Baada ya arobaini niliingia shambani na mke wangu tukavuna. Ilikuwa pamba safi, karibu haina fifi. Nilikubali bei ya lori la kwanza lililosimama.