Mkono Ulioandikwa Jipu

Katika miaka ya mwisho ya Waingereza nilikuwa karani wa zahanati ndogo upande wa Malaba, si mbali na reli. Nilikuwa nimesoma sekondari kwa miaka michache, na hiyo ilitosha kunipa meza, kalamu na heshima kubwa kuliko akili yangu. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia kila mgonjwa kadi, kisha kuuingiza ugonjwa wake daftarini pamoja na namba. Serikali ilikuwa imeupa kila ugonjwa namba yake, na mwisho wa mwezi hesabu ya namba hizo ilipelekwa Tororo.

Wagonjwa wengi walituletea mikono. Msimu wa pamba vidole vilichomwa na maganda makavu. Wanawake waliomenya mihogo walikuja na usaha pembeni mwa kucha, na mafundi baiskeli walikuja na viganja vilivyovimba baada ya kujikata. Mimi ningewaandikia wote "kidonda cha mkono" nikaenda zangu kunywa chai, lakini tabibu wetu hakukubali. Alitaka niandike ni mkono upi, mahali gani, rangi gani, kama una usaha, kama unauma, na mwenye mkono huo anafanya kazi gani.

"Namba ndiyo inayosafiri," aliniambia. "Wewe hutakuwepo Tororo kuieleza."

Siku mjomba wangu alipokuja, tabibu alikuwa amekwenda huko Tororo kuchukua dawa. Mjomba alifanya biashara ya ngozi. Alizinunua kutoka pande zote mbili za mpaka, akaziwamba na kuzikausha katika banda lake nyuma ya maduka, mpaka lori lije kuzichukua. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikunja mkono wa kanzu yake, akauweka mkono wa kulia mezani kwangu. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda cha duara, katikati cheusi kama kipande cha mkaa, na nyama ya pembeni imevimba.

"Kinauma, mjomba?"

"Kingeuma ningekuja juzi. Hakiumi hata kidogo. Ni mke wangu aliyenifukuza, anasema hapiki tena mpaka nikuonyeshe."

Tabibu alikwisha kunieleza kidonda cha namna hiyo kwa mtu ashikaye ngozi au nyama ya mnyama aliyekufa. Nilijua ninachokitazama.

"Mjomba, hiki huenda ni kimeta."

Alicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. "Wewe! Nimeshika ngozi tangu mama yako hajaolewa, leo unifundishe kimeta?" Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Ukiliandika neno hilo, bwana mifugo atakuja na kufuli, na baada ya kufuli ni kiberiti. Lori linakuja wiki ijayo. Andika jipu. Mkono ni wangu."

Nikaandika jipu, na namba ya jipu. Mahali pa kazi nikapaacha wazi, kwa sababu neno "ngozi" lingemfanya tabibu aulize.

Mfunga vidonda alifuata kadi yangu, akapasua. Baada ya muda akatokeza kichwa mlangoni. "Karani, jipu gani hili lisilo na usaha? Uliandika umefumba macho?"

"Mdunge penisilini, basi," nilimjibu. Watu kwenye benchi walicheka, nami nikacheka nao. Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili ya kuifuta ile namba, na sikuifuta.

Mjomba alidungwa siku kadhaa, akapona. Aliniletea halua. Nilijiambia kwamba hakuna aliyedhurika, na kwamba mgonjwa akishapona jina la ugonjwa wake si neno. Sikufikiri kuhusu mikono mingine iliyokuwa ndani ya lile banda.

Mmoja wa waliofanya kazi humo alikuwa mkulima kutoka Petta, aliyekuja kila kiangazi kukwangua ngozi na kuziwamba. Alipotokwa na kidonda kidoleni alimwonyesha mjomba, na mjomba akamtolea kadi yake mfukoni. "Hata mimi lilinitoka. Ni jipu, soma mwenyewe, zahanati wameandika. Kanda kwa maji ya chumvi, litapasuka." Siamini kwamba alitaka kumdanganya. Nadhani kufikia siku hiyo alikwisha kuiamini kadi yangu kuliko mkono wake.

Yule bwana alikwenda nyumbani Petta akakanda. Mkewe alipomleta, amefungwa kwa kanga juu ya baiskeli ya jirani, mkono ulikuwa umevimba hadi bega na shingo, na alikuwa akiongea na watu wasiokuwepo.

Tabibu alikuwepo safari hii. Aliuliza kazi ya mgonjwa, akajibiwa. Akafungua daftari langu, akapitisha kidole kurasa za mwezi mzima.

"Watu wa banda hilo hawajawahi kuja hapa?"

Nilianza kuzipanga kadi zilizokuwa mezani. Akaniangalia.

"Karani?"

"Alikuja mwenyewe mwenye banda," nikasema. "Niliandika jipu."

Hakunitukana. Aligeuka akaenda kuandaa sindano. Lakini sindano zile zilikuwa zimechelewa, na mgonjwa alikufa mchana wa siku ya pili, kabla gari la Tororo halijafika.

Bwana mifugo alikuja, banda likafungwa, ngozi zikateketezwa. Mjomba alisimama akitazama moshi, kisha akaniambia bila hasira, "Mimi niliomba tu. Ungeninyima." Hatukuzungumzia jambo hilo tena mpaka alipokufa.

Wiki ile ile mjane alikuja zahanati kuchukua cheti cha kifo. Alikaa mbele ya meza yangu, mkono mmoja ukiwa ndani ya kanga.

"Ile karatasi ya tajiri," aliniuliza, "ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Kama uliandika ya kweli, sisi tungekuja mapema?"

Ningeweza kumwambia kwamba ni Mungu tu ajuaye. "Mngekuja," nilisema.

Mjane akautoa ule mkono ndani ya kanga. Mumewe alikuwa akileta nyumbani vipande vya ngozi, naye alivikata kamba za kuwambia kitanda. Kwenye kidole gumba palikuwa na kipele chekundu kilichoanza kuingia weusi. Nilimwita tabibu, na kabla hajafika niliandika: mkono wa kushoto, kidole gumba, hakuna usaha, kazi ya ngozi, kimeta. Nikaweka namba yake. Alidungwa siku hiyo na siku zilizofuata, naye alipona.

Siku ya kwanza, alipotoka kudungwa, nilimpa kadi yake, nikataka kumsomea nilichoandika ili ajue siku za kurudi. Aliivuta kabla sijafungua kinywa, akaikunja, akaitia ndani ya fundo la kanga.

"Usisome," alisema. "Katekista wetu atanisomea."

Akashika njia ya Petta kwa miguu.