Msusi Aliyeacha Kichwa Nusu

Wateja walimwita Vidole Vyepesi, na hawakumsingizia. Msusi huyo aliweza kusuka, kunywa chai na kukupa habari za mtaa mzima bila msuko hata mmoja kwenda upogo. Basi alipojiunga na chuo kusomea ualimu wa watoto wadogo kwa njia ya mtandao, aliona mambo mteremko: simu kaiegemeza kwenye kioo, kamera kaizima, waya masikioni, mikono kichwani kwa mtu. Hakukosa kipindi.

Mtihani wa mdomo ukamuumbua. Mwalimu alimuuliza mtoto mdogo hujifunzaje kuhesabu, naye kutoka kipindi cha somo hilo alikumbuka tu mteja mmoja mbishi aliyetaka kusukwa mistari ya pembeni. Akafeli. Chuo kikamwambia waziwazi kwamba akifeli marudio, safari yake imeishia hapo.

Mama mkwe wake alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, wewe ulikuwa unasikiliza redio. Haya niambie, redio jana ilisema nini?"

Ilimuuma, maana ni kweli tupu. Tangu hapo, saa ya kipindi ikifika aliweka kitana chini, akageuzia kiti ukutani na kuwasha kamera. Asipoelewa aliuliza, hata kama wanafunzi wenzake, vijana tupu, waliguna. Aibu aliiona, lakini aliuliza. Wateja wengine walinuna wakahamia kwa jirani.

Marudio alipangiwa jioni. Asubuhi yake mama mkwe akaja kusukwa, ana harusi ya mpwa wake mchana. Kichwa kimefika nusu, simu ikaita: mwalimu amepata dharura, mtihani ni sasa hivi. Vidole Vyepesi akakitazama kichwa cha mama. Nywele za kulia zimelala vizuri, za kushoto zimetimka kila upande.

"Mama, ngoja nikumalizie huku namjibu mwalimu," alisema, na mwenyewe alijua anajidanganya.

"Usinirudishie mambo ya redio. Kaa hapo."

"Na harusi je?"

"Kwani bibi harusi ni mimi?"

Mama akatoka na kichwa chake hivyo hivyo, akavuta mlango, akasimama nje. Kila mteja aliyekaribia alitimuliwa: "Rudi baadaye, kuna mtu anafanya mtihani." Vidole Vyepesi alimsikia, machozi yakamlenga. Alimpenda mama yule siku hiyo kuliko siku zote. Akapiga moyo konde, akamkazia macho mwalimu, akajibu.

Mtihani ulikuwa mrefu, na mwishoni mwalimu akamwambia amepita. Alipofungua mlango aseme amefaulu, mama alikuwa ameshaondoka.

Mchana wifi yake akapiga simu kutoka harusini, anacheka hadi maneno hayatoki.

"Wifi, mama umemfanyaje? Kakaa mbele kabisa na kichwa nusu, kitambaa hataki! Na kila anayemuuliza kasukwa na nani, anamjibu, 'Na mwalimu.'"