Cherehani Haihami

Kabla ya kuhamia mtaa wa Malvern, huku kusini mwa Afrika, niliishi miaka miwili kama mtu asiyekuwepo. Jina langu halikuwa kwenye mkataba wa nyumba niliyokaa, kwa hiyo kila dalali alipokuja kukagua nilibeba cherehani yangu mpaka kwa jirani, nikakaa huko hadi aondoke. Viatu vyangu viliingia kwenye mfuko wa rambo, godoro likasimamishwa nyuma ya mlango. Siku niliyoondoka pale niliapa kwamba sitafichwa tena.

Malvern nilipata chumba katika nyumba iliyopangwa na Wakongo wawili wa Bukavu, msusi na mdogo wake wa kike. Msusi alinizidi umri, nikamwita Yaya, yaani dada mkubwa kwa Kikwao, kama mdogo wake alivyomwita. Chumba kilikuwa na dirisha pana upande wa barabara ya Jules, mwanga mtupu, raha ya fundi. Kilichobaki ni dalali wao kuniongeza kwenye mkataba.

Dalali akaniletea fomu. Palikuwa na sehemu ya mikopo na madeni, nikajaza kwa herufi kubwa: SIJAWAHI. Mama yangu kule Tanga hakuturuhusu kukopa hata kiberiti, na nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo heshima ya mtu. Nilirudisha fomu nikitabasamu, nikingoja kusifiwa.

Siku tatu baadaye alinipigia simu kusema nimekataliwa.

"Rekodi yako ya mikopo ni tupu, mama. Mwenye nyumba atajuaje kama wewe ni mlipaji?"

"Nimelipa kodi katika jiji hili miaka minane."

"Hiyo haionekani kwenye kompyuta." Kisha akanipa ushauri, tena kwa upole kabisa. "Nenda duka la nguo, fungua akaunti, chukua gauni kwa mkopo, ulipe kidogo kidogo. Miezi sita ikipita, omba tena."

Nilicheka, halafu nikapandwa na hasira. Mimi ninayeshonea maharusi nikakope gauni la dukani, linalofumuka kwapani kabla halijafuliwa, ili nionekane mwaminifu! Nilimwambia sikopi, nikakata simu.

Nilipokwenda kumweleza Yaya, alikuwa jikoni anasonga ugali. "Dada, weye ingia tu," akasema. "Dalali akikuja, tutasema uko mgeni. Watu wengi wanafanyaka vile."

"Yaya, ugeni nimeumaliza. Nikiingia, nimeingia. Akija atanikuta, na cherehani haihami."

"Na wakitufukuza?" mdogo wake akauliza.

Nilijua nawatia hatarini watu walionipokea vizuri, na iliniuma. Yaya aliendelea kusonga, kisha akaniambia nilete vitu vyangu Jumamosi.

Mwezi uliofuata dalali alikuja kukagua, akiwa na mkataba mpya wa kusainiwa, maana wa zamani ulikuwa unaisha. Nilikuwa dirishani nashona.

"Eish, mama, wewe si yule tuliyemkataa?"

"Ndiye mimi. Na kodi ya mwezi huu, moja ya tatu ni yangu."

Mguu wangu haukuacha kukanyaga. Yaya alisimulia baadaye kwamba nilikuwa jasiri kama askari. Ukweli ni kwamba pindo nililoshona lilikwenda upogo, na sikuthubutu kusimama.

Dalali akaweka mkataba mezani. Ulikuwa na mistari miwili ya kusaini. Yaya akachukua kalamu, akausoma wote bila haraka, akairudisha kalamu mezani.

"Jina yake haiko," akamwambia mdogo wake huku akinionyesha mimi. Kisha akamgeukia dalali na Kiingereza chake cha saluni: miaka mitano hawajachelewesha kodi hata siku moja; aandike watu watatu, ama atafute wapangaji wengine. Mdogo wake, yule aliyeogopa kufukuzwa, akafunga mikono kifuani.

Dalali akatoka nje kumpigia mwenye nyumba. Tulimsikia akienda na kurudi barazani. Nilimaliza pindo moja na kuanza la pili.

Aliporudi alikaa, akachora mstari wa tatu chini ya ile miwili.

"Jina lako kamili?"

Hapo ndipo niliposimama. Nikamtajia polepole, langu, la baba na la babu, nikabaki nimesimama juu yake mpaka akayaandika yote matatu.