Mzigo wa Kuni Kule Piemonte

Siku zile zetu, mtoto hakumpita mzee mwenye mzigo. Kwetu karibu na Mikinduri, ukikutana na nyanya wa watu ameinama chini ya kuni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, hukuuliza ni wa ukoo gani. Uliupokea mzigo na njia yake ikawa njia yako. Mama alikuwa akituambia, "Ukimpita mzee na mzigo, baraka nazo zitakupita." Niliamini, na bado naamini, ingawa desturi hiyo iliniponza huko Ulaya.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Padri wetu, Mwitaliano, alituchukua watoto kumi wa kwaya ya misheni akatupeleka kwao Piemonte likizo ya Agosti, tukaimbe makanisani. Tulilala kwa masista, na kila asubuhi basi dogo lilitutembeza. Leo ngome ya mawe juu ya kilima, kesho kanisa la kale lenye watakatifu waliochorwa ukutani hadi darini. Vilima vilijaa mizabibu iliyofungwa kwenye miti kama maharagwe yetu ya kutambaa, na kila kijiji kilinukia mkate. Rafiki yangu Kanana aliitazama ngome ile tupu akauliza, "Nyumba kubwa hivi, na hakuna hata kuku?" Tulicheka mpaka Padri akatukemea, naye akicheka.

Lakini safari tuliyoingoja ilikuwa ya mwisho, ya mlima wenye theluji. Tulikua tukiona weupe wa Mlima Kenya kwa mbali kila asubuhi, na kwetu hakuna aliyewahi kuugusa. Nyanya yangu alinituma: "Ukauguse, uje uniambie ni kitu gani." Padri naye aliweka sheria moja tu: atakayetoka kwenye mstari tukitembezwa, siku ya mlima atabaki akimenya viazi na masista.

Siku moja kabla, kijijini, nikamwona bibi kizee na furushi la kuni mgongoni. Sikufikiri. Nilitoka mstarini, nikampokonya mzigo kwa heshima zote, nikaubeba na kushika njia. Bibi alipiga ukemi, watu wakajaa madirishani. Alidhani ameibiwa! Padri alikuja mbio, kanzu ameikunja hadi magotini, akamweleza. Bibi akanishika mashavu, kisha akaninyoshea kidole upande ule mwingine kabisa, kwani nilikuwa naupeleka mzigo wake alikotoka. Niliufikisha mlangoni.

"Padri, nimekosa?" nikamwuliza.

"Hujakosa, binti yangu. Lakini umetoka mstarini, na sheria ni ya wote."

Kesho yake basi liliondoka bila mimi. Nilimenya viazi nikilia, si kwa ajili ya mlima, bali kwa ajili ya nyanya. Ningemwambia nini?

Jioni Kanana alishuka kwenye basi akikimbia, mikono ameikumbatia kifuani. Alifungua leso yake mbele yangu. Ilikuwa imelowa chapachapa, na ndani hamna kitu.

"Nimekuletea ya nyanya yako," alisema, machozi yakimlenga. "Imeisha njiani."

Nikaichukua leso, nikaikamua kiganjani, nikajipaka usoni. Matone machache, baridi kweli.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia nyanya ukweli wote. "Ni maji, nyanya. Maji baridi tu."

Akautazama mlima. "Basi Mungu asifiwe," akasema. "Kumbe tumekuwa tukiunywa siku zote mtoni."

Siku hizi naishi mtaa wa Majimbo, hapa Embu, na wajukuu wangu wakienda matembezi hunitumia picha mia kwa siku. "Shosho, cheki hii!" Nazitazama zote, hata zile za sahani za chipsi, na nawaombea warudi salama. Nilipowasimulia habari hii walicheka: "Shosho, yaani ulienda Ulaya kubeba kuni?" Ndiyo, nilizibeba, na theluji sijaiona kwa macho yangu hadi leo, wala sinung'uniki. Ila picha hazilowi. Enzi zetu aliyekwenda mbali alimbeba moyoni aliyebaki, akajaribu kumletea kitu, hata kama kingeisha njiani.