Alhamisi za Fundi wa Rasbura

Mwezi uliopita nilipeleka cherehani yangu kwa fundi pale Lindi mjini. Kijana mwenye adabu, akaniambia, "Njoo Alhamisi, mama." Nikabaki mlangoni, miguu inakataa kuondoka. Ndugu yangu, lile neno lilinirudisha mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Nyangamara.

Bibi yangu alikuwa na cherehani ya mkono, pekee kijijini. Ilipoanza kuruka mishono aliipeleka kwa fundi wa mtaa wa Rasbura, Lindi mjini, akaahidiwa siku nne. Siku nne zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi. Kila lori lililotoka mjini lilileta jibu lile lile: kifaa hakijafika kutoka Dar, mje Alhamisi.

Hujui mtoto anavyoweza kuichukia Alhamisi. Nilimenya mihogo shingo imegeukia barabarani. Nikisikia injini natupa kisu, nakimbia, narudi na vumbi. Uani moshi wa korosho ulinichoma macho. Ndani, vitambaa vya akina mama wa kijiji vilirundikana kitandani kwa bibi, vya Idi na vya sare. Changu kilikuwa chini kabisa. Mwalimu alikwishasema: shule ikifunguliwa, asiye na sare asije. Bibi alijaribu kushona kwa sindano ya mkono, macho yakamkatalia.

Idi ikabaki wiki moja. Jirani yetu akaja, hata kukaa hakukaa.

"Mama, kama vitambaa vyetu umevigawa, sema tujue."

Bibi alimaliza kuchekecha unga wa muhogo, akajifunga kanga, akaniambia, "Vaa kandambili. Alhamisi ni leo."

Ilikuwa Jumatatu.

Tuliposhuka kwenye lori mjini na kuikaribia nyumba ya fundi, bibi akanishika bega. Ndani mlitoka mlio wa cherehani, na kila mzunguko ukimalizika, mkwaruzo mdogo kama wa mtu anayesafisha koo. Mlio ule nilikuwa nikisinzia nao tangu nikiwa mchanga.

Fundi hakuwepo. Mkewe alikuwa mkekani, cherehani yetu mbele yake. Alipotuona, mkono ukaganda kwenye mpini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imepona lini?"

Akainamisha uso. "Siku nyingi, mama. Yangu ilikufa. Nilimwomba mume wangu siku mbili tu, nishone nguo za wanangu. Halafu na majirani wakaleta zao."

Nilingoja bibi awake. Mimi mwenyewe nilitaka kumpokonya, tukimbie. Bibi akavua kandambili, akaketi, akalishika gauni dogo lililobaki kutiwa mkono mmoja.

"Malizia. Mtoto hawezi kwenda kuswali Idi na nguo nusu. Na uzi umeukaza mno." Akaulegeza mwenyewe.

Nikasimama mlangoni, mguu huu, mguu ule, hadi mkono ule ukaisha.

Tukarudi kijijini na cherehani yetu, na wiki ile bibi hakuinua kichwa. Jirani alipopewa gauni lake alirudi jioni na sahani ya vitumbua, akaiweka mbele ya bibi, na bibi akala. Sare yangu ilikuwa ya mwisho. Niliivaa ikiwa bado na joto la pasi ya mkaa.

Siku hizi nguo zinakuja zimeshashonwa, na wale waliokuwa wakipishana uani kwetu na vitambaa kwapani wametawanyika. Bibi ametangulia mbele ya haki. Nilipaswa kumwuliza kama siku ile alimsamehe mke wa fundi, au alikuwa amechoka tu. Nilikuwa na haraka ya kila kitu, isipokuwa hilo.