Kanda ya Nakuru Ndani ya Deki ya Fairfax

Jamani, kisa hiki ningekizika zamani, shida ni kwamba kamati nzima ya harusi ilikishuhudia, na hapa Adelphi, Marekani, bado wapo wanaonisalimia kwa sauti ya mbu.

Jirani yangu Mama Njeri alikuwa anamwoza binti yake, akataka siku hiyo asikike mumewe, aliyefariki Njeri akiwa mchanga, na sauti ya huyo marehemu imebaki mahali pamoja tu duniani: kwenye kanda ya VHS ya harusi yao kule Nakuru. Nikajitolea kuihamishia kwenye kompyuta (hakuna aliyeniomba), nikaenda mji wa Fairfax kutafuta deki ya kuchezea kanda. Muuzaji alikuwa nazo mbili. "Hii inasoma kanda za nchi zote," akasema, "hiyo nyingine za hapa tu." Nikazitazama: rangi moja, vitufe sawa (nilivihesabu mara mbili), nikajua huyu ananiuzia maneno. Nikabeba ya bei nafuu, tena baada ya kuipunguzisha.

Sasa udadisi nao ni ugonjwa. Nilitaka kujua ni kanda gani hutunza picha vizuri, basi kikao cha kamati nikakigeuza maabara: kila kanda na mashine yake, nasimamisha picha, tunahesabu vifungo vya shati. Kanda ya dijitali, mahafali ya Njeri, vifungo vyote, hata uzi. Ile ndogo ya kamera ya mkononi, siku yake ya kuzaliwa, vifungo vipo ila kama vimelowa.

"Sasa VHS," nikatangaza kama mhubiri. "Msitarajie makubwa."

Picha ikaja haina rangi, imekatika vipande, inapanda juu tu. Kisha marehemu akaanza kuwashukuru wageni kwa kisauti chembamba, mbio mbio, kama mbu aliyechelewa kazini. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Njeri hakucheka.

"Baba Kevo, zima."

"Pole, mama. Kanda imeota ukungu, imeharibika." (Mjuaji haishiwi maneno.)

Njeri akaniuliza taratibu, "So that's his voice?" Ati hiyo ndiyo sauti ya babake; nikainama kukaza waya ambao haukulegea.

Mweka hazina wa kamati akaigeuza deki, akasoma nyuma. "Ndugu yangu, hii ni ya mfumo wa Marekani. Kanda za kwetu zina mfumo wake, ndiyo maana inakimbia."

"Lakini yule mtu aliniambia..." Nikafunga mdomo, nimechelewa.

"Alikwambia?" Mama Njeri akanigeukia.

Kesho yake nikabadilisha deki, nikaipeleka sebuleni kwake. Picha ilikuwa uji, kifungo hata kimoja sikukiona. Lakini sauti ikatoka nzito, ya mtu asiye na haraka.

"Mum, hapo anasema nini?" Njeri akauliza kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Anasema nyama ipo, watu wasisukumane."

Wakacheka, wakalia, wakaniambia nirudishe nyuma, nikarudisha mpaka kidole kikachoka.

Nimeapa: kanda ya mtu naijaribu kwanza peke yangu, mlango nimefunga. Na habari za ubora wa picha sizitangazi tena kabla sijamuuliza mwenye kanda anamtafuta nani humo ndani.